Nane Ilihitajika

Februari, Tampere. Theluji imeziba kidirisha cha ghala
chini ya jengo, kando ya chumba cha kufulia;
shuka za jirani zinaning'inia nyuma yetu kama kambi ya jeshi
ambalo hakuna aliyeliandikia nguvu wala silaha.

Tuko watano. Nasema watano, lakini mimi ni marehemu:
mchawi wangu alianguka Jumanne iliyopita
kwenye daraja la kamba. Dadu ya nyuso ishirini
ilionyesha saba, na nane ilihitajika.
Ilmo akafungua jalada lake la kijani,
kanuni alizoziandika kwa mkono miaka kumi na tisa,
akasoma ukurasa wa arobaini na moja kwa sauti ya daktari.
Nikakabidhi fimbo, pochi, na jina.
Leo nimekuja kumimina kahawa.

Sasa kuna mlango. Mlango wa kaburi la mbilikimo,
chuma kitupu, hauna tundu la ufunguo.
Aune, miaka sabini na miwili, anataka kuupiga shoka.
Aune hutaka kupiga shoka kila kitu, hata sanduku lililo wazi,
kisha hurudi kwenye soksi anayoifuma.
Lakini Sirkku, muuguzi, aliyetoka zamu bila kula,
anaweka penseli chini na kusema:
"Ninauomba radhi mlango."

Kimya. Mashine ya kufulia inabadilisha mzunguko.
Ilmo anapekua jalada. Kuna kanuni ya kuvunja,
ya kupinda, ya kutegua mtego kwa waya,
kuna hata jedwali la kutu.
Ya radhi hakuna.

Pirkka, wa ofisi ya kodi, anasimama:

*Kanuni ni kama kuta, pasipo kuta si nyumba,*
*Dadu haina kusita, haisikii kuomba,*
*Ukishinda kwa kuteta, na maneno ya kupamba,*
*Basi huu si mchezo, ni porojo za usiku.*

Kusema kweli hakusema kwa vina. Mimi ndiye niliyempima,
nane kwa nane, maana hivyo ndivyo
kidole chake kilivyogonga meza.

Sirkku hapimiki. Sirkku alisema
kazini ana fomu ya kila kitu, hata ya maumivu, moja hadi kumi,
na kuna mzee wa chumba cha sita anayejibu "nne" kila asubuhi,
na usiku analia,
na yeye hakushuka ngazi hizi zote kwenye baridi hii
kuja kujaza fomu nyingine, eti kwa sababu ina mazimwi.

"Bila fomu," Pirkka akasema, "mwenye ulimi ndiye ashindaye.
Mimi sina ulimi. Nina dadu."
Hapo nilimwelewa, na sikupenda kumwelewa.

Wakabishana hadi kahawa ikapoa mara mbili.
Mwamuzi ni hakimu, au ni msimulizi?
Hatari isiyoua, ni hatari ya nini?
Aune akauliza kama kuna mtu aliyeuona mkasi.

Mwishowe Ilmo akasimamisha kadibodi yake,
ile yenye joka lililopauka,
akarusha nyuma yake. Ikaviringika, ikagota.
"Mlango," alisema, "unanyamaza kitambo.
Halafu unafunguka."
Sirkku akafunika uso kwa viganja.
Aune akashika shoka, kwa tahadhari tu.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya Ilmo na birika.
Niliiona. Tatu.
Nikainua macho, yakakutana na ya Pirkka
aliyekaa pembeni, pale kadibodi inapoishia,
naye alikuwa ameiona.
Nikamsubiri aseme. Mtu huyu aliwahi kudai
tuhesabu uzito wa sarafu mifukoni mwetu.
Akachonga penseli, akapuliza unga wake,
akaandika kwenye ramani: *mlango, wazi.*

Nikamimina vikombe vyote. Cha Ilmo nilikijaza pomoni
kikamwagikia ukurasa wa arobaini na moja,
kidogo tu, pale penye nane.
Sikuomba radhi.